Mtu Aliye Njiani Haambiwi

Kibanja nilichorithi kwa baba yangu kiko Nshamba, wilayani Muleba, na katika msimu ninaousimulia hapa kilikuwa kinakufa huku mimi nikipanda na kushuka ndege. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu sipendi kumzungusha msomaji kwa mafumbo. Migomba ilikuwa inaoza, na mwenye kibanja, aliyeitumikia serikali miaka zaidi ya thelathini kama bwana shamba, alikuwa wa mwisho kujua.

Baada ya kustaafu nilichukuliwa na kampuni moja inayokagua mashamba ya kahawa kwa niaba ya wanunuzi wa nje. Kazi yangu ilikuwa kwenda kwenye vikundi vya wakulima, kutembea shamba kwa shamba, na kuthibitisha kwamba yaliyoandikwa kwenye fomu ndiyo yaliyomo ardhini. Niliikubali kwa kuwa ililingana na tabia yangu. Tangu ujana sijawahi kuamini jambo kwa sababu tu limesemwa. Mkulima akiniambia ana mibuni mia nne, naihesabu. Karani akiniambia hakuna dawa iliyopigwa, nainusa pampu. Sikufikiri kwamba tabia hiyo ingenigeuza kuwa mzigo wa kupakiwa na kupakuliwa.

Mwaka huo nilisafiri karibu kila wiki: Moshi, Kigoma, Mbinga, Tarime, kisha Dar es Salaam kwa mikutano ya kueleza nilichokiona Moshi, Kigoma, Mbinga na Tarime. Niseme safari zenyewe zilivyo, maana watu wengi huzisimulia safari za kikazi kama wanavyoisimulia pepo, yaani bila kufika.

Hoteli za kikazi zina harufu moja nchi nzima: dawa ya mbu iliyopuliziwa juu ya unyevu wa zulia. Taulo hukunjwa kwa umbo la ndege wawili waliogusanisha midomo, na mzee wa miaka sabini na mitatu hana budi kuwavunja shingo ndege hao ili ajifute maji. Mto una bonde la kichwa cha mtu mwingine. Bafuni unakuta unywele usio wako, mrefu, umelala ukutani kama sahihi ya mpangaji aliyetangulia. Asubuhi chakula hupangwa kwenye mabakuli makubwa ya chuma yenye vifuniko, vimoto vidogo vikiwaka chini yake. Ukifunua unakuta mayai yaliyokaangwa alfajiri yakitokwa na maji, na pembeni ndizi za kijivu zinazoogelea katika mafuta, zimewekewa kikaratasi kilichoandikwa kwamba hayo ni matoke. Mimi ni Mhaya. Nilikiona kikaratasi hicho kama kashfa.

Ndani ya ndege miguu yangu huvimba mpaka soksi huacha alama kama za kamba. Tumbo hufunga siku tatu. Kibofu cha mzee nacho hakisubiri taa ya mkanda izimwe. Mhudumu mmoja, binti wa umri wa wajukuu zangu, aliwahi kuniambia kwa sauti ya mwalimu wa chekechea, "Babu, rudi ukae," mbele ya abiria wote. Nikarudi, nikakaa. Yaliyofuata siyaandiki.

Lakini kinyaa cha safari ni kidogo kikilinganishwa na kinyaa cha sifa zake. Dereva aliyekuwa akinipeleka na kunirudisha uwanja wa ndege wa Bukoba, mwanamume wa makamo anayeishi Kitendaguro, mtu mwema asiye na hila, aliniuliza siku moja tukiwa tunateremka kuelekea mjini:

"Mzee, huko hotelini asubuhi wanakupa mayai mangapi?"

"Ninayotaka."

"Hata manne?"

"Hata manne."

Akakata kona. "Na kitanda wanakutandikia wao?"

"Wananitandikia wao."

"Halafu wewe unashuka pale unasema umechoka."

Hakulisema kwa ubaya. Aliona kweli kwamba mtu anayekula mayai manne asiyoyakaanga, kisha akaacha kitanda bila kukitandika, hana haki ya neno uchovu. Na katika hilo alikuwa msemaji wa wilaya nzima. Kanisani akina mama walimshukuru Mungu kwa ajili ya miguu yangu. Vijana wa kituo cha pikipiki waliniambia ninakula bata. Jirani yangu, seremala mstaafu niliyepata naye kipaimara siku moja, kila aliponiona nikishuka garini na begi alivua kofia na kutumia neno letu la heshima kwa namna ambayo heshima yenyewe ilitoka mbio: "Waitu, mmekuja kututembelea? Mtakaa siku ngapi?"

Ilisemwa pia kwamba nimejenga nyumba Dodoma, na kwamba ndani yake kuna mtu. Nilimwendea aliyesema, akaniambia aliambiwa. Nikamwendea aliyemwambia, naye aliambiwa. Nilifuata mnyororo huo kwa subira hadi mtu wa nne, ambaye alinieleza kwamba wa tano alifariki mwaka uliopita. Hapo upelelezi wangu uliishia. Ningeweza kucheka kama mke wangu asingekuwa akiyasikia hayo sokoni, akiwa amebeba kikapu, peke yake.

Sasa nifike kwenye desturi iliyoniponza. Kwetu mtu aliye njiani haambiwi habari mbaya. Hoja yake ni nzuri: aliye mbali hawezi kusaidia, na aliyejawa na hofu hujikwaa. Baba yangu aliwahi kwenda Kampala kwa biashara ya kahawa, akakaa mwezi mzima, na mdogo wake akafariki na kuzikwa nyuma yake. Aliporudi watu walimsalimia kama kawaida. Alipewa maji ya kunawa. Aliletewa kikapu kidogo chenye buni zilizochemshwa na kukaushwa, zile tunazowapa wageni watafune. Akala, akalala, akaamka. Jua lilipokuwa limepanda ndipo kaka yake mkubwa alipomwita nje na kumwambia. Hilo ndilo sharti: msafiri alale kwake, jua limkute kwake akiwa hana begi mkononi, ndipo aambiwe.

Nilipokuwa mtoto niliona huo ni upole mkubwa. Sikuwahi kujiuliza itakuwaje kwa mtu ambaye jua halimkuti kwake. Mimi nilikuwa nikifika magharibi na kuondoka kabla hakujapambazuka, kwa sababu ndege haimsubiri mtu wa Nshamba. Jumapili nilikuwa ama barabarani, ama Dar es Salaam nikijiandaa kwa mkutano wa Jumatatu. Kwa muda wa miezi mitatu sikuwahi kuwa nyumbani mchana mzima, wala sikuwahi kuzunguka nyuma ya nyumba, upande wa makaburi. Nilikuwa nikipiga simu kila jioni, kama mume mwema.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri, baba watoto."

"Migomba?"

"Ipo."

"Kahawa?"

"Imeanza kuchanua. Safiri salama."

Ipo. Mimi ninayenusa pampu za watu nililipokea neno hilo moja miezi mitatu, nikaridhika nalo, nikazima taa ya chumba cha hoteli.

Siku moja kabla ya safari ya Tarime nilipita katika duka moja la mjini Bukoba kununua daftari na kamba za viatu. Ni duka la familia yenye asili ya Uhindi, miongoni mwa zile chache zilizobaki. Mwenye duka ni rika langu, amezaliwa pale pale, na Kihaya chake ni safi kuliko cha wajukuu zangu. Alikuwa akifunga daftari zangu kwa gazeti aliponiuliza:

"Mzee mwenzangu, zile galoni zilifaa?"

"Galoni gani?"

"Za dawa ya kung'arishia nguo. Mama alipokuja kupima macho alichukua mbili. Nikamwambia, mama, una mashuka ya hospitali nzima? Akasema hapana, ni za kuoshea mapanga. Huyu mama anapenda utani."

Mke wangu hapendi utani. Na bwana shamba yeyote wa Kagera anajua panga linaoshwa kwa dawa hiyo kwa sababu gani. Upo ugonjwa wa migomba unaoitwa mnyauko. Majani huwa ya njano na kulegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na ukikata shina hutoka utomvu wa njano mfano wa usaha. Panga lililokata mgomba mgonjwa likikata na mzima, umeuua na mzima. Kwa hiyo panga huoshwa kwa dawa au hupitishwa motoni kila baada ya shina moja. Nimelifundisha somo hilo katika vijiji nisivyoweza kuvihesabu.

Nilimpigia mke wangu nikiwa nimesimama pale kaunta.

"Migomba?"

"Ipo, baba watoto. Safiri salama."

Ninaandika kitendo changu kilichofuata bila kukipamba. Nilisafiri. Nilijiambia kwamba neno la mwenye duka juu ya neno la mke wangu ni uvumi wa daraja la pili, na kwamba mtu makini haachi kazi kwa uvumi. Nilijiambia kwamba wakulima wa Tarime walikuwa wamekwisha kuitwa. Yote mawili yalikuwa kweli. Mtu aliyesoma hakosi kamwe sababu ya kweli ya kufanya jambo ovu.

Nilipaa hadi Mwanza, nikaketi garini hadi Tarime, nikalala siku nne kwenye chumba kilichonuka kama vile vingine. Siku ya pili, katika shamba la mama mmoja mjane, kahawa ilikuwa safi lakini migomba iliyoipa kivuli ilikuwa imeanza kunyauka. Haikuwa kazi yangu. Kazi yangu ilikuwa kahawa. Hata hivyo nilimwomba panga, nikawasha moto wa matawi makavu, nikamwonyesha namna ya kulipitisha mpaka lisishikike. Nikamwonyesha namna ya kuondoa ua la chini la mkungu kwa mti wenye panda, bila chuma, ili nyuki wasilibebe gonjwa. Alinisikiliza kwa makini, kisha akauliza:

"Na kwako, bwana mkaguzi, mnafanya hivi?"

"Tunafanya," nikamjibu.

Lilikuwa jibu la kweli. Limenitia kinyaa kuliko uongo wowote niliowahi kuusema.

Niliporudi sikumwambia mtu wa nyumbani. Ndege ilitua Bukoba mapema, dereva wangu akanipeleka Nshamba moja kwa moja, na saa nane mchana nilikuwa nimeshuka mbele ya nyumba yangu katika mwanga ambao nilikuwa nimeusahau. Sikuingia ndani. Nilizunguka nyuma na begi mkononi.

Kibanja cha Kihaya, kwa asiyekijua, si shamba lililo mbali na nyumba. Nyumba imo ndani yake. Mtu huzaliwa chini ya migomba ile, hulishwa nayo, na huzikwa chini yake. Pale nyuma, palipokuwa na kivuli kizito kiasi kwamba kuku walilala saa kumi, niliona anga. Mashina yalikuwa yamesimama kama nguo zilizotundikwa zikiwa na maji. Mengine yalikuwa yamekatwa na kulazwa kwa mpangilio, majani yakiwa yamefunikwa juu yake, kazi safi ya mtu anayejua. Lakini kulizunguka kaburi la baba yangu, na la baba yake, hakuna lililokuwa limeguswa. Kule mikungu ilikuwa imeoza ikiwa bado inaning'inia, na nyuki walikuwa wakiingia na kutoka. Nilikata kipande cha shina kwa kisu cha mfukoni. Usaha ulitoka taratibu, ukafika kwenye kidole changu.

Mke wangu alitokea jikoni.

"Umewahi leo," akasema.

"Tangu lini?"

"Kaa kwanza nikupe maji."

"Nimeuliza tangu lini."

"Baba watoto, begi bado liko mkononi."

Niliweka begi chini. Nikakaa juu ya gogo. Aliniletea maji, nikanawa, na aliniletea kile kikapu kidogo cha buni kama anavyoletewa mgeni. Nilitia moja mdomoni kwa kuwa niliona hatasema kabla sijatafuna.

"Kulala sitalala kwanza," nikamwambia. "Sema."

Akaketi upande wa pili. "Ulianza ulipokuwa Kigoma. Mgomba mmoja, huo hapo kichwani kwa baba mkwe."

"Kwa nini hukuukata?"

"Mimi? Nikate mgomba wa kaburi la baba mkwe, na mwanawe aliyerithi kibanja yuko hai?" Alinitazama kana kwamba nimelewa. "Niliita vibarua wawili. Wakaona ni wapi, wakasema mzee aje mwenyewe. Basi nikawa nakata iliyo nje ya makaburi, na ule wa ndani unaipa mingine. Nakata huku, unatokea kule. Nikaosha mapanga mpaka nikaishiwa ngozi."

Akanyoosha mikono. Ilikuwa imebabuka kati ya vidole, nyeupe na nyekundu.

"Ungeniambia kwenye simu."

"Ulikuwa njiani."

"Mimi niko njiani siku zote."

"Ndivyo," akasema. "Sasa ningekuambia lini?"

Nimelifikiria swali hilo tangu siku ile na sijapata jibu linalonipendelea. Alikuwa na macho mabovu, mikono iliyoungua, na mume anayesemwa ana nyumba Dodoma, na kwa miezi mitatu alikuwa amepigana na ugonjwa peke yake kwenye uwanja ambao sehemu yake moja haruhusiwi kuikanyaga. Watu walikuwa wakimpongeza kwa kuwa na mume anayepanda ndege.

Kesho yake asubuhi nilianza na makaburi. Kwa desturi yetu nilipaswa kuomba ruhusa kwa waliolala pale, na niliomba, kwa sauti, kwa maneno machache, maana sikuona kwamba nina haki ya hotuba. Kisha nikaanza kung'oa, shina na machipukizi yake yote, nikilipitisha panga motoni kila nilipomaliza moja. Harufu ya mgomba uliooza ni kama ya pombe iliyosahaulika ndani ya mdomo wa mtu. Ilinipanda kichwani nikatapika mara moja, nikafuta mdomo, nikaendelea.

Saa nne simu ililia. Alikuwa binti anayepanga safari zetu kule Dar es Salaam.

"Shikamoo mzee. Jumatano tunakuweka Moshi."

"Msiniweke."

"Unaumwa?"

"Ninang'oa migomba."

"Mzee, wenzako wanagombea safari hizi."

"Wapeni," nikamwambia, na nikakata simu kwa adabu kadiri nilivyoweza.

Jirani yangu seremala alikuja mchana, kofia kichwani, panga lake mkononi. Nilimwonyesha moto.

"Panga langu lina kosa gani?"

"Sijui. Ndiyo maana linaingia motoni."

"Waitu, hata mimi siaminiki?"

"Hata wewe."

Alicheka, akalipitisha, akaanza kukata. Tulifanya kazi mpaka tulipokaa kunywa maji. Ndipo aliposema, akiwa anatazama chini, "Mimi niliuona tangu ulipoanza. Nilikuwa nikikungojea pale barabarani nikuambie. Unapita ndani ya gari, unapunga mkono. Nikasema, huyu hayuko hapa bado."

Sikumlaumu. Ningemlaumu kwa kosa gani, la kunitania? Utani ulikuwa ndiyo njia pekee iliyoruhusiwa ya kuniuliza nitakaa siku ngapi.

Kazi ilichukua siku tisa. Kati ya kibanja kizima tuliokoa theluthi moja, ile ya chini iliyo karibu na barabara. Palipobaki wazi tumepanda maharage na viazi vitamu, kwa maana ardhi hiyo haiwezi kupokea mgomba mpaka gonjwa life lenyewe kwa kukosa chakula. Mke wangu hununua ndizi sokoni sasa. Kwa mgeni hilo ni jambo dogo. Kwa nyumba ya Kihaya yenye kibanja ni kama kuazima nguo ya ndani, na yeye huzifunika ndizi hizo kwa khanga njia nzima.

Niliandika barua ya kuacha kazi. Hazikupita wiki mbili nikaanza kupewa pole. Vijana wa pikipiki walinisalimia kwa sauti ya chini. Dereva wa Kitendaguro, aliyekuja Nshamba kumleta mtu mwingine, alisimamisha gari akateremka kabisa.

"Mzee, nimesikia. Pole. Mungu atafungua mlango mwingine."

"Umesikia nini?"

"Kwamba wamekufukuza."

"Nani kasema?"

"Watu."

Nilitaka kuanza tena ule mnyororo, mtu kwa mtu, hadi kwa marehemu. Nikaacha. Nilimwambia nimeacha mwenyewe. Alitikisa kichwa kwa huruma ya mtu anayemsikiliza mlevi akisema hajalewa. Kwake hakuna binadamu anayeyaacha mayai manne kwa hiari.

Kila asubuhi sasa nazunguka theluthi ile iliyosalia. Natazama jani kwa jani. Juzi niliona jani la njano kwenye mgomba wa ukingoni, unaopakana na maharage. Huenda ni jua, kwa kuwa mvua imechelewa. Huenda ni ule ule. Nilikata kipande cha shina, nikakiweka juu ya jiwe, nikakaa kando yake kungoja kama kitatoa usaha, maana hautoki papo hapo. Mke wangu alifungua dirisha la jikoni akaniuliza ninatazama nini.

Nilimwambia kuna jani la njano, sijajua bado ni nini, aje tuangalie pamoja. Alijifuta mikono akaja, akachuchumaa upande wa pili wa jiwe, na kwa macho yake yale mabovu akakisogelea kile kipande mpaka karibu akiguse kwa pua.

"Tungoje," akasema.